Yule Bwana Alipanda kwa Lifti

Watu hucheka nikisema nimestaafu. Nina miaka ishirini na tisa. Lakini daktari alinimulika kooni kwa kurunzi yake, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia natafsiri filamu kwenye kibanda umiza, banda la sinema la mtaani, huku Kibamba. Akasema, "Basi hiyo kazi imekwisha. Ukitaka kubaki na sauti ya kumwita mwanao, ipumzishe." Mwana sina bado, ila nilimwelewa. Maiki nimewakabidhi nyie, Hamza na Neema, na kwa kuwa siwezi kuwaeleza kwa mdomo, nawaandikia. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito. Ukurasa mmoja wa daftari hunichukua asubuhi nzima. Msinihimize.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na saba. Kibanda kilikuwa hiki hiki: mabati, mabenchi tisa, runinga moja na joto. Mwenye kibanda alikuwa Mzee Chande, na yeye ndiye aliyekuwa akitafsiri. Zamani alikuwa mhudumu wa hoteli mjini. Kiingereza alijifunza kwa kusikiliza wageni wakilalamika. "Ndiyo maana maadui nawaelewa vizuri kuliko wapenzi," alikuwa akisema, na kweli, kwenye filamu zake wapenzi walikuwa wanaongea maneno machache sana.

Siku yangu ya kwanza alinipa maiki mbele ya watu kama thelathini. Nikafungua mdomo, pakatoka pumzi tu. Tangu utotoni mie nikisalimiwa huangalia miguu yangu. Mtu mmoja akapiga kelele, "Huyo bubu naye mmemtoa wapi?" Watu wakacheka. Mzee Chande alikwenda nyumbani kwake, akarudi na kanga ya mkewe, akaipigilia misumari pembeni ya runinga, akaitoboa tundu moja dogo. Akaniweka nyuma yake kwenye kigoda. "Sasa hawakuoni," akaninong'oneza. "Ongea na runinga." Sauti ikatoka. Tangu siku hiyo jina langu la kweli walibaki nalo mama yangu na kadi ya kliniki. Mtaa mzima ukaniita Pazia.

Mzee Chande alikuwa na sheria tatu, na alizirudia kama mtu anayesali. Ya kwanza, mtafsiri hakosei. Ukichanganya, songa mbele, filamu ndiyo itakayokufuata. Ya pili, kabla dakika kumi hazijaisha, watajie steringi, yule ambaye hadithi ni yake na ambaye hafi. Watu wamechoka na kazi, wanataka kujua wamshangilie nani. Ukiwachelewesha, wataanza kugombania nafasi za kukaa. Ya tatu, umeme ukikatika usinyamaze. Endelea kuisimulia gizani kutoka kichwani. Kuna filamu tatu ambazo watu wa Kibamba hawajapata kuuona mwisho wake, lakini wote wanaujua, na ni mwisho wangu.

Kiingereza mie sikukijua, na hili nilikuwa nalificha. Tulifanya hivi: asubuhi Mzee Chande aliitazama filamu akinieleza, nami nilichora kwenye daftari. Mtu mwenye kovu, nilichora kovu. Mwenye kofia, kofia. Pembeni naandika neno moja: mwongo, kaka yake, atakufa. Mchana nilikuwa nayafuata yale madoa yangu na maneno nayatunga mwenyewe. Nilisoma nyuso. Ukizoea, uso unakuambia karibu kila kitu. Nimeandika karibu, mliangalie hilo neno.

Maiki ifungeni kitambaa laini, isije ikatoa mvumo wa pumzi zenu. Kunyweni maji ya uvuguvugu yenye tangawizi, msinywe soda. Sauti ya mwanamke msiibane puani, wanawake wa benchi la nyuma wanachukia, na wana haki. Mkilia, lieni kidogo.

Jumapili jioni, kama hakuna mpira, tulikuwa tunaweka filamu za miaka ijayo. Mwanzoni niliziogopa. Vyombo vya kuruka, mashine zenye macho, watu wa chuma, nikadhani nitakosa maneno. Lakini baada ya kama ishirini hivi nikagundua kwamba hizo ndizo rahisi kuliko zote. Kila mara kuna waliopo juu na waliopo chini. Wa juu wana maji safi, dawa, bustani na watoto wanene. Wa chini wana mabomba yanayovuja. Na kila mara yupo mtu wa juu anayesimama na kueleza, kwa upole kabisa, kwa nini iwe hivyo: kwamba dunia ni mbio, mwenye nguvu anabaki, dhaifu anaondoka, na kumsaidia dhaifu ni kuwaharibia wote. Huonyesha mifano ya wanyama. Sijui kwa nini wanapenda sana kumtaja simba, wakati wenyewe hawajawahi kukimbizana na chochote.

Watu wetu walizipenda mno. Zinasema ni miaka mia mbili ijayo, lakini bomba linalovuja lilikuwa pale pale nje ya kibanda.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana ndilo hasa nililokaa kuliandika.

Benchi la mbele, upande wa kulia, palikuwa pa Fundi Mrope. Mnamjua, yule mchonga mbao wa kwenye mteremko. Alikuja kutoka Kusini akiwa kijana, na mguu wake wa kushoto uliumia zamani, huunyoosha anapokaa. Kiwanja chake ni kidogo: nyumba ya vyumba viwili na karakana ya mabati anayochongea vitanda na milango. Nyuma yake, juu kidogo, mama mmoja muuguzi mstaafu alijenga nyumba ya ghorofa, na mtaa ukampa jina la Mama Ghorofa. Ghorofa lilikwisha, lakini gari halikuwa na pa kupita. Akamtuma dalali, Sudi, amwombe Fundi Mrope amuuzie njia. Sudi alikwenda mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mtaani watu wakaanza kumwambia Fundi kwamba anapoteza muda wake, siku hizi ukibishana na mwenye ghorofa utashindwa tu. Fundi alikuwa hajakubali wala kukataa. Wote tulijua kwamba ile karakana ndiyo sahani yake.

Wiki hiyo Mzee Chande alikuwa msibani Mkuranga. Flashi ilikuja na filamu mpya, ya miaka ijayo, na hapakuwa na wa kunieleza asubuhi. Nikajiambia, hizi nazijua. Nikaiweka hivyo hivyo.

Ilikuwa nchi iliyoharibika hewa. Katikati umesimama mnara mrefu hadi mawinguni. Juu kabisa alitokea bwana mmoja mwenye koti jeupe, mikono nyuma, macho ya huzuni, akitazama umati uliojaa chini.

"Pazia, steringi nani?" Fundi Mrope akauliza.

Nikachungulia kwenye tundu. Dakika ya nane. Koti safi, uso mzuri, muziki wa taratibu. "Steringi huyo hapo," nikasema. "Mlinzi wa mnara."

Mara moja kwa mwaka, watu wa chini walipanda ngazi za ule mnara. Aliyefika juu kabla ya kengele aliishi kwenye hewa safi. Aliyeanguka, aliyechoka, aliyekuwa na mgonjwa mgongoni, mlango ulimfungia nje. Yule bwana akasimama mbele ya ubao wenye picha za wanyama akahutubia muda mrefu. Mie nikamtungia hotuba. Nilitaka apendeze, maana ni steringi. Nikampa sauti nzito, nikasema, "Ndugu zangu, simba hamwombi swala radhi. Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Aliye dhaifu akipisha, dunia inanyooka."

Halafu akatokea binti aliyembeba mama yake mgongoni, anapanda. Nikamwita mkorofi. Yule bwana akaamuru ngazi zikatwe, na watu wangali wanazipanda. Hapo jasho likaanza kunitoka. Nikasema, "Anafanya kwa uchungu, ndugu zangu. Wakipanda wote, mnara utaanguka."

Kibanda kilinyamaza. Kwa kawaida steringi akifanya jambo, mabenchi hupigwa. Siku ile nilisikia feni. Mwishoni binti akafika juu, na bwana wa koti jeupe akateleza akaanguka hadi chini, na mie nikalazimika kusema maneno ambayo hayakuwahi kusemwa pale: "Steringi amekufa."

"Steringi hafi, we!" mtu akafoka.

"Leo Pazia kala nini?" mwingine akadakia.

Fundi Mrope aliinuka polepole akatoka.

Kesho yake nilipita karakanani kwake. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Pazia." Alikuwa anapiga randa, hakuinua kichwa. "Jumamosi nakwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Nasaini ile karatasi ya Sudi."

"Umekubali?"

"Si ulisema mwenyewe jana? Mwenye nguvu mpishe." Akacheka kidogo, lakini hakunitazama.

Siku mbili zile sikula vizuri. Jumatano Mzee Chande akarudi. Nikamwomba aitazame ile filamu. Alitazama nusu, akaizima, akavua miwani.

"Pazia, huyu uliyemfanya steringi ndiye adui."

"Alikuwa na huzuni machoni, mzee."

"Wote wana huzuni machoni. Wanalipwa kwa kazi hiyo. Steringi ni yule binti. Ulitazama koti, mwanangu." Akaifuta miwani kwa muda mrefu. "Haidhuru. Mtafsiri hakosei. Jumapili tutaweka nyingine, watasahau."

"Fundi Mrope hatasahau. Anasaini Jumamosi."

Mzee Chande akairudisha miwani usoni. Kisha akasema, "Basi kamwambie. Mie na sheria yangu tutabaki hapa."

Kutoka kibandani hadi kwa Fundi ni mwendo wa dakika tano. Mie nilitumia nusu saa. Nilipofika nilisema yote kwa mkupuo, macho kwenye maranda ya mbao: kwamba sijui Kiingereza, kwamba yale maneno ya simba niliyatunga mimi, kwamba yule bwana ni adui na alistahili kuanguka. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mtu bila kanga katikati.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Yule bwana alipanda kwa lifti."

"Lifti?"

"Hukuona? Mwanzoni kabisa. Mlango ukafunguka, akatoka, koti halina hata mkunjo. Watu wanakufa ngazini, yeye kaletwa na lifti. Halafu anasimama kufundisha watu kupanda!" Akagonga mguu wake mbovu kwa kipini cha patasi. "Mtu mwenye mguu kama huu, kitu cha kwanza anachoangalia kwenye ghorofa ni lifti."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Kibanda kizima tulijua, mdogo wangu. Mama muuza karanga alijua."

"Sasa mbona hamkusema?"

"Maiki unayo wewe. Tulikuwa tunakusubiri." Akarudi kwenye randa, akaacha tena. "Na maneno yenyewe hayakuwa mageni. Nimeyasikia kwa Sudi, nimeyasikia kwa shemeji zangu, na mie mwenyewe nilikuwa najiambia. Yalipotoka na kwenye sinema, nikaona basi, imepitishwa."

Nikauliza, "Sasa utasaini?"

"Ni hatua nne tu, za ule upande wa mfereji. Apitishe gari lake, mama wa watu. Nimechoka kuzungushwa. Sudi kanisomea karatasi yote, haina neno."

"Kakusomea yeye?"

"Macho yangu ya kusomea yalishakwisha na vumbi la mbao. Nione wapi herufi ndogo za vile!"

Hapo ndipo nilipomfahamu Sudi. Nilimfahamu kwa sababu kazi yake ilikuwa yangu: anakaa kati ya maneno na watu, na watu wanasikia anachoona kinafaa. Mie nilidanganya kwa kutojua. Yeye, kama alidanganya kwa kujua, sikuwa na hakika bado.

"Jumamosi nije, Fundi?"

"Uje ufanye nini? Ofisini hakuna pazia."

"Nije nisome."

Jumamosi tulimkuta mwenyekiti wa mtaa mezani, Sudi amesimama na kalamu tayari, na Mama Ghorofa amekaa kwenye kiti cha plastiki akijipepea na leso. Nikawaamkia. Sudi akanitazama.

"Huyu naye?"

"Msomaji wangu," alisema Fundi Mrope.

"Pazia? Wa kibandani?" Sudi akaangua kicheko. "Dogo, hii siyo muvi. Hapa hakuna kuruka ukuta."

Nikapewa karatasi. Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza. Kusoma kwangu mnakujua: silabi, silabi, pumzi. Sudi alitazama saa yake, akamwambia mwenyekiti kwamba mtoto wa darasa la pili angekuwa ameshamaliza na kwenda kucheza. Masikio yakaniwaka. Nikaitamani ile kanga. Lakini nimegundua jambo moja kuhusu kusoma polepole: huwezi kuruka neno, maana kila neno ni mlima na lazima ulipande.

Mstari wa saba niliusoma, nikasimama. Nikaurudia kimya. Kisha kwa sauti: "Muuzaji anauza kiwanja chote, pamoja na nyumba, karakana na vyote vilivyomo."

"Rudia," alisema Fundi Mrope.

Nikarudia. Mwenyekiti akanyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaisogeza karibu na pua.

"Hiyo ni lugha tu ya mikataba," alisema Sudi. "Maana yake ni njia. Kila mtu anajua tunazungumzia njia."

Nilisikia sauti ikisema, "Hapana. Maana yake ni kama ilivyoandikwa." Ilikuwa yangu.

Mama Ghorofa aliacha kujipepea. "Sudi, mie nilikuomba njia."

"Mama, si ulilalamika kwamba karakana inakupigia kelele?"

"Kulalamika kelele ndiyo kununua nyumba ya mtu?" Akamgeukia Fundi Mrope. "Mimi nimejenga hili ghorofa miaka kumi na minane, tofali kwa tofali, kwa mshahara wa wodini. Najua kiwanja ni nini."

Kama alijua kilichoandikwa au hakujua, hadi leo sina hakika. Uso wake ulionyesha hakujua, na nimeshawaambia kuhusu nyuso. Mama huyu sitamtafsiri. Ninachojua ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeichana ile karatasi, na mwenyekiti akaandika nyingine kwa mkono: hatua nne, upande wa mfereji, na si zaidi. Nikaisoma mara mbili. Fundi Mrope akasaini. Sudi alikaa wiki tatu bila kunisalimia, kisha akaanza tena kuja kutazama mpira. Hukaa nyuma.

Jumapili nikamwomba Mzee Chande niirudie filamu ya mnara. Nikatoka nyuma ya kanga, maiki mkononi, nikavunja sheria ya kwanza. "Ndugu zangu, Jumapili iliyopita nilikosea."

Nikadhani ndiyo mwisho wa kazi. Kisha mama muuza karanga akasema, "Tunajua, baba! Anza, jua linazama!"

Nikaanza. Lile koti jeupe lilipotoka kwenye lifti, nikasema lifti. Binti alipopanda na mama yake mgongoni, nilimpa maneno machache tu, kama wapenzi wa Mzee Chande, kwa sababu mtu aliyebeba mtu hana pumzi ya kuhutubia. Alipofika juu, mabenchi yalipigwa hadi moja likavunjika. Fundi Mrope alilitengeneza kesho yake, ndilo lile lenye mguu mmoja wa mninga. Mie nikarudi nyuma ya pazia, na nilikaa huko hadi mwisho wa kazi yangu. Msije mkadhani nilikuwa jasiri. Nilikuwa jasiri mara tatu, na zote ziko wiki ile.

Mzee Chande alifariki akiwa na sheria mbili. Ile ya kwanza aliifuta mwenyewe. Ya pili nimeifuta mimi, na nawaomba msiirudishe. Watakuulizeni, kila siku watauliza, na mtaogopa kwamba msipojibu wataondoka. Hawaondoki.

Jumapili yangu ya mwisho sauti ilikuwa imebaki kama ya mlango. Filamu ilikuwa mpya, ya miaka ijayo, jiji linaloelea angani. Dakika ya tano, bwana mmoja amekaa kwenye kiti kirefu amevaa dhahabu. Chini yake mtu anapiga deki sakafu, uso hauonekani.

Fundi Mrope akaunyoosha mguu. "Pazia, steringi nani leo?"

Nikachungulia kwenye tundu.

"Sijui bado, Fundi. Tuangalie kwanza kila mtu amefikaje hapo alipo."

"Haya," akasema. "Sie tupo."